Tabo: soko au kopo la kuogea?

Mama Sambaza, Goma
Jambo yenu. Nauza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, pale soko la Kituku. Juzi alikuja Mfilipino, fundi wa minara ya simu, akainamia beseni langu akanusa mpaka nikaona haya. Akasema ni harufu ya kwao. Kijiji chao, anasema, kilianzia kwenye "tabo", siku ya soko, watu wa mlimani na mahindi, watu wa pwani na samaki wakavu. Mwenzake wa Manila akacheka sana: eti tabo ni kopo la kuogea! Wakabishana mpaka wakasahau kunilipa, nikawakimbilia. Nani mkweli?

Mwalimu wa Ndosho
Mama, wote wawili. Nilisoma Cebu miaka minne. Ufilipino una lugha zaidi ya 100. Kwa Kitagalogi cha Manila, tabo ni kopo la kuchotea maji, kila choo kinalo. Kwa Kisebuano, lugha ya Cebu, ni siku ya soko. Wakitaka kusema mahali pake wanaongeza -an mwishoni: taboan. Sisi je? Soko, sokoni. Ni hesabu ileile.

Mjini Cebu kuna soko liitwalo Taboan, nilikuwa nanunua danggit pale; hao ni samaki wanaopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa. Nguo zilinuka wiki nzima. Huko vijijini mambo huanza kidogokidogo: muuzaji anachoka kurudisha gunia la chumvi nyumbani, anasimamisha kibanda. Mwingine anapika wali kando. Baadaye kanisa dogo. Jina la siku linabaki kuwa jina la mahali.

Halafu Manila kuna Quiapo, mtaa wa biashara. Hakuna aliyekula kiapo pale! Ni jina la mmea unaoelea majini.

Kijana wa Kadutu
Mwalimu, hapo kwenye kiapo umenimaliza. Lakini mbona mnaenda mbali? Birere yenu hapo Goma ni majani makavu ya migomba. Lava ya volkano ya 2002 ilipita humo, watu wakajenga juu ya mawe, na bado ni Birere. Huku Bukavu Wabeleji walituandikia Costermansville, jina la mkubwa wao. Leo mwambie motari akupeleke Costermansville uone.

Mwalimu wa Ndosho
Na Élisabethville ya malkia wao, tangu 1966 ni Lubumbashi, jina la mto tu. Ila Wafilipino wamebaki na majina mengi ya Wahispania. Ukitembea huko utachoka na San hii na Santa ile, yaani majina ya watakatifu.

Mama Sambaza, Goma
Aksanti papa Mwalimu. Nimemwambia yule fundi, amefurahi, amechukua kilo mbili na safari hii amelipa kwanza. Mwenzake ameniletea kopo la plastiki lenye mpini, eti tabo yake hiyo. Ndiyo ninapimia sambaza sasa. Wateja wameshaanza: "Mama, nipe tabo moja."