Kikundi chetu Buffalo kinataka ruzuku ya jimbo kufufua jengo la mtaani. Tuanzie wapi?

Baba_Fizi

Salamu ndugu zangu. Tuko East Side, Buffalo, jimbo la New York. Wengi wetu ni watu wa Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kabla ya kuletwa huku. Tuna kikundi cha kuchangiana: msiba, harusi, mgonjwa. Sasa tunataka kufanya kitu kinachoonekana mtaani. Kuna jengo la matofali la ghorofa mbili. Chini lilikuwa duka, sasa madirisha yamepigiwa mbao, na wakati wa theluji watu wanatupa takataka mlangoni. Mwenyewe yuko tayari kutukodisha kwa bei ndogo tukilitengeneza. Akina mama wanataka jiko la pamoja na chumba cha cherehani, vijana wanataka mahali pa kukaa baada ya shule.

Kijana wetu mmoja amesoma kwamba jimbo linatoa dola milioni 10 kufufua mitaa. Kuna mtu pia amejitolea kutuandikia ombi, atachukua asilimia 10 hela zikitoka. Cheti cha usajili hatuna. Akaunti ya benki iko kwa jina la mweka hazina. Tufanyeje?

Roc_Mswahili

Huyo wa asilimia 10 mkimbieni leo. Waandishi wa maombi walio kwenye vyama vya kazi hiyo wamekatazwa na kanuni zao za maadili kulipwa kwa asilimia. Mwandishi anayejiheshimu anakutajia bei ya kazi, upate usipate.

Karani_wa_Mtaa

Shikamoo baba. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Buffalo, West Side. Kwa miaka nimeshika vitabu vya hesabu vya shirika dogo la mtaa, kwa hiyo nitasema nilichokiona mezani kwangu.

Hizo milioni 10 nazijua. Ni mpango unaoitwa Downtown Revitalization Initiative, ulianza 2016. Jimbo la New York limegawanywa kanda kumi za uchumi, miji inashindana ndani ya kanda yake. Mji wa Utica walipata 2019, na hapa kwetu eneo la Broadway-Fillmore, kule kwenye soko la Broadway na stesheni ya zamani ya treni, nalo lilishapata. Lakini anayeomba ni serikali ya mji. Baadaye inaundwa kamati ya wenyeji, inaitisha mikutano ya wazi, inachambua miradi. Kikundi kama chenu kinaingia kwa kwenda kukaa kwenye ile mikutano na kusema. Hela yenyewe haiji kwenye akaunti ya mweka hazina wenu, hata akiwa malaika.

Mpango unaofanana zaidi na jengo lenu ni New York Main Street. Unaendeshwa na idara ya nyumba ya jimbo, HCR, na unahusu majengo ya barabara za biashara: duka chini, watu juu. Anayeomba ni mji au shirika lisilo la faida. Upo pia Neighborhood Preservation Program, wa sheria ya 1977, na huo naupenda kwa sababu unalipia shirika lenyewe: mshahara wa karani, kodi ya ofisi, taa. Wafadhili wengi wanataka kupigwa picha mbele ya jengo, hawataki kusikia habari za umeme wa ofisi. Ila si mlango wa mgeni, unatakiwa uwe tayari umeshafanya kazi mtaani.

Sasa neno ambalo hakuna aliyewaambia. Hela hizi za majengo kwa kawaida hazitangulii. Mnatengeneza, mnalipa fundi kwa hela yenu, mnapeleka ushahidi, ndipo jimbo linawarudishia. Mkiandikiwa barua ya pongezi ya dola laki moja, siku hiyo mfukoni hamna hata senti. Nimeona watu wakikata keki siku ya barua, halafu wiki ya pili mkandarasi wa paa anataka malipo ya kuanzia na hakuna wa kumlipa.

Na ushahidi wenyewe jamani! Kwa kila malipo: ankara, nakala ya cheki mbele na nyuma, taarifa ya benki inayoonyesha cheki imepita, picha ya kabla na baada. Faili moja la madirisha lilikataliwa kwa sababu fundi aliandika ankara kwa jina la mwenye jengo badala ya jina la shirika. Madirisha yapo, yanaonekana, mvua haiingii tena, lakini karatasi haikuwa na jina letu. Ikabidi nimfuate fundi kwenye kazi nyingine, juu ya ngazi, aandike upya. Mkataba wenyewe wa ruzuku ulikuwa umechelewa kusainiwa na ofisi husika miezi kadhaa. Sheria ya New York inataka jimbo lilipe riba likichelewesha mikataba ya mashirika kama yetu. Sawa, lakini Ijumaa fundi anapopiga simu huwezi kumlipa kwa riba ambayo haijafika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kikao chenu liwe hili: nani atatukopesha hela ya kuanzia? Ombi litafuata. Zipo taasisi za mikopo ya jamii zinazokopesha mashirika kwa dhamana ya mkataba wa ruzuku ukishasainiwa. Kaongeeni nazo kabla hamjaomba.

Karatasi sasa. Kusajili shirika lisilo la faida New York ni dola 75, na mnahitaji wakurugenzi wasiopungua watatu. Namba ya kodi, EIN, ni bure kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, msimlipe mtu. Msamaha wa kodi, ile 501(c)(3), kwa kikundi kinachotarajia kuingiza si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka kuna fomu fupi, 1023-EZ, ada yake dola 275. Halafu mjisajili ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kitengo cha mashirika ya hisani. Halafu mfumo wa fedha wa jimbo, SFS, ambako shirika linakaguliwa na kupitishwa kabla halijaomba chochote. Bila hapo ombi lenu halisomwi, hata liwe limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Na kila mwaka mpeleke taarifa IRS, kwa wadogo ni ile 990-N inayojazwa mtandaoni kwa dakika chache. Ukiacha miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutwa wenyewe, hakuna anayekupigia kukuonya.

Njia ya mkato iliyo halali: fanyeni kazi chini ya shirika ambalo tayari lina karatasi zote. Wao ndio waombaji na ndio wanaotunza hesabu, ninyi mnafanya kazi. Waandikiane nanyi mkataba.

Hiyo akaunti ya jina la mtu ifungeni. Simtuhumu mweka hazina wenu. Akifariki leo, Mungu apishe mbali, benki itawaita watoto wake, haitawaita ninyi.

Utica_Kaka

Dada Karani ameeleza vizuri ila ametisha watu kidogo, heh. Baba Fizi, nenda kwa seneta wako na mbunge wako wa jimbo. Ofisi zao huwa zinasaidia vikundi vya mtaani kupata hela za bajeti. Wapeni picha, wapeni idadi ya familia, waalikeni kula ugali na sombe. Wanasiasa wa huku wanapenda kualikwa kama wa kwetu tu.

Karani_wa_Mtaa

Kaka, ugali waalikwe, sijakataa. Lakini hata hela ya mbunge inapita kwenye karatasi zilezile, na nyingi nazo ni lipa kwanza urudishiwe. Akikubali halafu hamna usajili, mmemwaibisha, na mwakani hapokei simu.

Baba_Fizi

Marahaba mama, na asanteni wote. Nimemsomea mweka hazina. Amenuna, lakini amekubali twende benki tukishapata EIN. Maswali mawili. Shirika la kutubeba litakata kiasi gani? Na mwenye jengo anasema tusiharakishe karatasi, tuanze kupaka rangi ili jimbo lione tuna nia.

Karani_wa_Mtaa

Wengi hukata kati ya asilimia 5 na 10 ya hela inayopita kwao, kwa kazi ya hesabu. Waulizeni wanatoa nini kwa hiyo hela: ripoti ya kila mwezi? Wanalipa fundi baada ya siku ngapi?

Rangi msiguse. Kwanza, kazi iliyofanyika kabla ya mkataba kwa kawaida hairudishiwi. Pili, jengo la matofali la zamani kama hilo karibu hakika lina rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kuikwangua kuna masharti yake, sembuse mkiwa na watoto humo. Tatu, na hili ndilo linaloninyima raha: mkilitengeneza bila mkataba wa pango ulioandikwa, mwaka wa pili atawaongezea kodi au atauza, nanyi mmemfufulia mali yake kwa jasho la akina mama. Mkataba useme miaka mingapi, kodi itapanda kwa kiasi gani, na akiuza mnunuzi anaurithi mkataba wenu. Wanasheria wa msaada wa bure kwa mashirika wapo Buffalo, mmoja wao ausome kabla ya saini.

Na kabla hata ya hayo, nendeni ofisi ya mji mkaulize kama jengo lina malimbikizo ya kodi ya majengo au kesi kwenye mahakama ya nyumba. Mbao za miaka mingi madirishani huwa zina sababu yake.