Mrejesho: yule samaki wa Mnemba mwenye uzi mgongoni

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu samaki bapa niliyemwona nikizamia Mnemba, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, mwenye mistari mipana myeusi na myeupe, njano kidogo, na uzi mrefu mweupe unaotoka kwenye pezi la mgongo. Mimi nilishaapa ni Zanclus cornutus, yule Waingereza wanayemwita Moorish idol. Mmoja wenu akasema tu: tazama mkia.

Jumamosi nikazama tena, mita kumi hivi, nikawakuta wawili wanazunguka tumbawe. Mkia njano tupu! Zanclus mkia wake ni mweusi, na juu ya pua yake iliyochongoka kuna doa la njano. Kwa hiyo wangu ni Heniochus, wa ukoo wa samaki vipepeo.

Kasheshe ikaanza upya, maana kuna Heniochus wawili wanaofanana kama pacha: acuminatus ana miiba 11 mgongoni, diphreutes 12. Haya, hesabu miiba ya samaki anayekukimbia huku mkondo unakusukuma! Nimeamua ni acuminatus kwa sababu walikuwa wawili tu, wamekaa karibu na mwamba. Diphreutes hutembea makundi makubwa, majini juu zaidi ya mwamba, wakila planktoni, yaani vijidudu vinavyoelea majini.

Picha msiniombe, zote zimetoka kijani.