Ukoo wa Gilsenan kutoka kaunti ya Cavan: nifuate tahajia ipi?

Mjukuu wa Cavan
Ndugu zangu, nawafuatilia mababu wa upande wa mama waliotoka Cavan, Ireland, wakahamia Liverpool miaka ya 1870. Jina lao ni adimu, na kila karatasi ina tahajia yake: Gilsenan kwenye cheti cha ndoa, Gilshenan kwenye ubatizo wa mtoto wao, Kilsenan kwenye sensa ya Uingereza. Je, ipi ndiyo sahihi, nipate kuishikilia katika utafutaji?

Msoma Daftari
Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine, na ukishikilia moja utawapoteza. Karani aliandika alichosikia, na aghalabu mwenye jina hakuweza kulisoma ili alisahihishe. Majina ya Kiairishi yanayoanza na Mac Giolla yaligeuzwa kuwa Gil, Kil, McIl au McEl, kwa hiyo hiyo K isikushangaze. Jihadhari na utafutaji wa Soundex, yaani mfumo unaoligeuza jina kuwa msimbo wa herufi na tarakimu kwa kufuata sauti yake, kwa kuwa huhifadhi herufi ya kwanza: Gilsenan na Gilshenan zote hupata G425, ilhali Kilsenan hupata K425 na haitatokea kamwe. Penye nafasi ya kutumia alama ya nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, andika *ils*n*n.

Mzee wa Nyaraka
Naongezea kwamba kinachowaunganisha watu hawa ni mahali zaidi kuliko jina. Sensa za Ireland za karne ya 19 karibu zote zimetoweka, nyingine kwa amri ya serikali yenyewe, nyingine katika moto wa Dublin wa 1922; sensa kamili zilizosalia za mwanzo ni za 1901 na 1911. Kwa kipindi chako, tegemea Griffith's Valuation, tathmini ya mali ya 1847 hadi 1864, inayoorodhesha wapangaji wa ardhi na nyumba kitongoji kwa kitongoji, kisha madaftari ya parokia za Kikatoliki, ambayo Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka picha zake mtandaoni bure mwaka 2015. Angalia kwamba parokia ya Kikatoliki na parokia ya kiserikali hazina mipaka ile ile, jambo linalowapoteza wengi.

Katika madaftari hayo usiishie kwa wazazi. Majina ya kwanza mara nyingi yako kwa Kilatini, James akiwa Jacobus, lakini wasimamizi wa ubatizo huandikwa pia, na mara kwa mara ni ndugu wa damu. Ukikuta wasimamizi wale wale kwa mtoto wa Gilsenan na mtoto wa Kilsenan, hapo una sababu nzuri ya kuwaweka katika nyumba moja.

Mjukuu wa Cavan
Nashukuru sana. Tatizo ni kwamba kitongoji chenyewe sikijui.

Msoma Daftari
Basi anzia Liverpool. Cheti cha ndoa cha kiserikali kitakupa jina na kazi ya baba wa kila mmoja. Ikiwa walifunga ndoa kanisani, tafuta pia daftari la kanisa lenyewe, kwani baadhi ya mapadre waliandika mahali walikotoka maharusi.