Laki sita na nusu, binti anakwenda chuo: laptopu mpya ya dukani au iliyotumika?

mshonaji_makorora

Assalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, nyumbani Makorora, hapa Tanga. Binti yangu wa pili amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma, ualimu wa Hisabati na Jiografia. Waliomtangulia wamemwambia asiende bila laptopu, maana kazi zinachapwa na nyingi zinatumwa kwa mtandao. Nina laki sita na nusu. Ni pesa ya mchezo, yaani upatu, niliyopokea mwezi uliopita, nikajumlisha na ya sare za shule. Haitaongezeka. Nauli, godoro na ada ya mwanzo viko kwenye bahasha nyingine, na hiyo siigusi.

Jumamosi nilifunga kibanda mapema tukazunguka naye. Duka la kwanza tulionyeshwa mpya kabisa, rangi ya fedha, nyembamba kama daftari, nailoni yake haijabanduliwa. Laki sita na ishirini. Binti hakusema kitu lakini niliona macho yake. Nikanakili maandishi ya kwenye boksi: Celeron, RAM 4GB, eMMC 64GB. Tukaenda kwa kijana mmoja anayeuza zilizotumika karibu na Tangamano, akatutolea HP EliteBook 840 G5. Ina mikwaruzo mgongoni, herufi mbili tatu za kibodi zimefifia, RAM 8GB, SSD 256GB, laki tano na tisini. Anasema ilikuwa ya ofisini huko Ulaya. Akabonyeza, ikawaka kabla sijakaa vizuri kwenye stuli.

Cherehani ninayoshonea ni Singer nyeusi aliyoniachia marehemu bibi, na mpaka leo inapita kwenye jinzi iliyokunjwa mara nne. Mpya nilizonunua baada yake zimekufa mbili. Kwa hiyo ukuukuu wa kitu haunitishi. Kinachonitisha ni kwamba cherehani nikiifungua naona kilichoharibika. Kompyuta sioni lolote. Mwaka juzi nilimnunulia kaka yake simu iliyotumika, ikazima wiki ya tatu, na aliyeniuzia hakupokea tena simu zangu. Huyu binti atakuwa Dodoma na mimi Tanga, ikimfia kule atamkimbilia nani? Naomba mwenye kujua anieleze: kwa nini ile mpya inakaribiana bei na kuukuu? Na hii kuukuu nitaikaguaje kwa macho yangu mwenyewe?

fundi_wa_chuda

Wa aleikum salaam dada yangu, na hongera kwa binti. Mimi nafungua mashine hizi mwaka wa kumi na moja sasa, hapa hapa mjini, kwa hiyo nitakujibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele ya meza yangu.

Ile mpya iache. Celeron ni prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya daraja la chini. Hiyo eMMC ni hifadhi ya aina inayowekwa kwenye simu, imechomelewa kwenye bodi na huwezi kuitoa ukaweka kubwa zaidi. Windows 11 yenyewe inadai hifadhi isipungue 64GB, na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa kwa wakati huo, isipungue 4GB. Maana yake mashine hiyo imetoka kiwandani ikiwa kwenye mstari wa chini kabisa. Akiweka programu zake na masasisho mawili, nafasi imekwisha. Na nyingi za aina hii RAM nayo imechomelewa, hata mimi fundi sina pa kushika. Wameniletea wanafunzi wengi mashine za namna hiyo zikiwa hazina hata mwaka, wakilia kwamba ni nzito kufanya kazi, na nikawarudishia bila kuchukua shilingi, kwa sababu hapakuwa na cha kutengeneza. Hilo huniuma, maana pesa ya mzazi imeshakwenda.

840 G5 ni ya mwaka 2018, imeundwa kwa kazi ya ofisi ya kutwa nzima. Chini ina skrubu za kawaida, ndani kuna nafasi mbili za RAM, na SSD (hifadhi yake), betri, feni, vyote vinabadilishwa. Ni kama Singer yako.

Lakini usiamini jina peke yake. Mwambie muuzaji akuonyeshe namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-8250U au i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi chake, na hapo uko salama. Ziko G5 zilizotoka na i5-7200U, hizo ni za kizazi cha 7. Tofauti si ndogo. Kwenye kizazi cha 8 Intel walitoa prosesa hizi za laptopu nyembamba zikiwa na viini vinne vya kufanyia kazi badala ya viwili, na kizazi hicho ndicho Windows 11 inaanzia kukubali. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana sasa hivi G3 na G4, zilizotangulia hiyo G5, zinauzwa kwa bei ya kuvutia, ofisi za nje zinazitupa. Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480 ni rika moja na hiyo G5, ukizikuta katika hali nzuri usiogope.

Kukagua: nenda mchana, usiende na haraka. Izimwe kabisa, kisha wakati inawaka bonyeza F10 mfululizo (Dell ni F2, ThinkPad F1). Ikifungua ukurasa wa mipangilio bila kuuliza nywila, vizuri. Ikidai nywila na muuzaji haijui, ondoka, hata akipunguza nusu ya bei. Mashine za ofisini hufungwa na mwenye ofisi, na siku ya shida kufuli hilo litakuzuia.

Betri usiipime kwa maneno. Afungue sehemu ya kuandika amri, aandike powercfg /batteryreport, itatoka ripoti yenye mistari miwili: uwezo iliokuwa nao betri ilipoundwa na uwezo ilionao sasa. Ya kwanza kwa G5 ni karibu 50,000. Ya pili ikiwa chini ya 30,000, dai punguzo la bei ya betri. Iweke mezani uitazame kwa ubavu pia. Ikiyumba, au lile bamba la kupapasia kidole limenyanyuka, betri imevimba, na hiyo ni hatari ya moto.

Kwetu pwani kuna la ziada. Tazama matundu ya chaja na flashi kwa tochi ya simu. Ukiona ukungu wa kijani au weupe kama chumvi, ilikaa kwa mtu karibu na bahari bila kutunzwa.

Mwisho, kwa kuwa imetoka Ulaya, mpe binti achape "kazi ya wanafunzi". Kibodi za Kijerumani Y na Z zimebadilishana mahali. Ikiwa ni ya Kijerumani, itatoka "kayi za wanafunyi". Kwa Mjerumani hilo si tatizo, kwetu sisi "ya" na "za" yote ni maneno halali, kwa hiyo kosa halionekani mpaka mwalimu alisome. Dawa ipo, unabadilisha mpangilio uwe wa Kiingereza na kubandika stika za herufi, ila lazima ujue kabla ya kulipa.

abuu_pongwe

Fundi nakuheshimu, ila mimi naona mama achukue mpya, kwa sababu ya garantii. Mwaka mzima ikisumbua anairudisha. Kuukuu ukishavuka mlango wa muuzaji ni mali yako na shida zake. Kama laki sita haitoshi mpya nzuri, basi asubiri muhula mmoja atumie ya chumba cha kompyuta cha chuo.

fundi_wa_chuda

Abuu, garantii inalipa kilichoharibika. Uzito wa mashine dhaifu hauhesabiwi kuwa ni uharibifu, watakwambia ndivyo ilivyo. Lakini umekumbusha jambo la haki. Dada, mwombe kijana risiti yenye namba ya mashine, na muandikiane mwezi mmoja wa majaribio, kwa saini. Asiyekubali kuandika, humjui.

mwaka_wa_tatu

Shikamoo mama. Mimi niko Dodoma hapa chuoni, mwaka wa tatu, Jiografia na Kiswahili. Naomba niongeze kidogo.

Kusubiri muhula sikushauri. Kompyuta za chuo zipo lakini wiki ya kukabidhi kazi kila mtu anazitaka, na koleji ziko mbalimbali, unatembea juani mpaka unafika umechoka. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, kazi moja nilituma saa tano na dakika hamsini usiku, kutoka kwenye simu, jedwali zote zimevurugika. Nilipoteza alama nilizokuwa nazijua.

Programu zisimtie hofu. Ramani atachora kwa QGIS, ni ya bure. Hisabati atatumia GeoGebra, ya bure. Kuandika, LibreOffice inatosha, ahifadhi tu kwa aina ya faili anayotaka mwalimu. Asikubali mtu amwekee programu za wizi kwa flashi, rafiki yangu aliingiziwa virusi hivyo na utafiti wake wote ukapotea. Nakala ya kila kazi aitume kwenye barua pepe yake mwenyewe siku hiyo hiyo. QGIS kwa 8GB inakwenda, nimeitumia. Ila akipata nafasi ya kuongeza, aongeze. Na hapa ni vumbi, si chumvi, kwa hiyo likizo akirudi Tanga feni isafishwe.

mshonaji_makorora

Marahaba mwanangu, Mungu akufikishe. Fundi, ahsante sana. Abuu nawe ahsante, neno la garantii ndilo lililonifanya nidai maandishi.

Leo tumerudi Tangamano na orodha mkononi. Kijana kwanza alishangaa, halafu akashirikiana nasi vizuri. Prosesa ni i5-8350U. F10 ikafunguka bila nywila. Ripoti ya betri ikasema 49,900 na ya sasa 37,200, nikaipiga hesabu nikaona ni robo tatu. Matundu safi. Binti akachapa uliyosema, ikatoka "kayi za wanafunyi" kama ulivyoandika, akacheka sana. Kijana mwenyewe hakuwa ameligundua, akapunguza mpaka laki tano na arobaini na kutubandikia stika. Karatasi ya mwezi mmoja tumesaini, namba ya mashine imo.

Imebaki laki moja na kumi. Jumatatu nakuja Chuda unitazamie RAM, uniambie ukweli kama inafika. Usiku huu namshonea mkoba, nje jinzi, ndani flana, katikati sponji. Nimeipima mashine sentimita 33 kwa 23 na nusu, nimeongeza mbili kila upande. Sponji haitaiunguza kwa joto?

fundi_wa_chuda

Haitaiunguza, mradi aizime kabisa kabla ya kuiweka mkobani. Kufunika tu hakutoshi, huweza kuamka yenyewe ndani na kuchemka. Chaja ishonee mfuko wake pembeni, isilale juu ya kioo. Jumatatu nipo kuanzia saa tatu asubuhi.