Sikukuu moja majina mawili huko Marekani. Sisi huku tungempa nani?

Mzee_wa_Horombo (Moshi):
Wakuu, habari za huko. Mimi kazi yangu ni kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Tarehe 14 Oktoba 2024 tulikuwa kambi ya Horombo, siku ya kuzoea hewa, nikawaambia wageni wangu, mume na mke wa Kimarekani, kwamba leo ni siku ya Nyerere, nchi nzima imepumzika isipokuwa sisi na wapagazi. Mume akacheka: hata kwao leo sikukuu, ya Columbus, yule baharia. Mke akaweka kikombe chini. "Ya Columbus kwako wewe. Mjini kwetu ni siku ya wenyeji wa asili." Wakabishana mpaka bisi zikaisha. Mpishi wangu akaniuliza kwa Kichaga hawa wanagombea nini, nikakosa jibu.

Sasa nauliza. Siku moja inakuwaje na majina mawili? Na la pili ndilo linaloniwasha: kama wenzetu wanaweza kumvua mtu sikukuu, sisi tunashindwaje kudai tarehe 2 Machi, siku Wajerumani walipomnyonga Meli, mangi (chifu) wa Wachaga wa Old Moshi, mwaka 1900, iwe sikukuu ya taifa? Old Moshi wanamkumbuka. Ukivuka Same humsikii tena. Msinijibu kwa ushabiki wa vyama, tafadhali.

Mwalimu_Njiro:
Shikamoo mzee. Kwa serikali kuu yao jina bado ni moja: sheria ya 1968, iliyoanza kutumika 1971, inasema Jumatatu ya pili ya Oktoba ni ya Columbus. Majimbo na miji ndiyo hujipangia. South Dakota walibadilisha 1990. Berkeley, California, wakafuata 1992, miaka 500 kamili tangu Columbus atue visiwa vya Bahamas. Mwaka 2021 Biden akawa rais wa kwanza kutoa tamko la siku ya wenyeji wa asili, na papo hapo akatoa na la Columbus! Kwa hiyo wageni wako wote wawili walikuwa sawa.

Ila usimwone yule mume mjinga. Mwaka 1891 kundi la watu New Orleans liliwaua Wataliano 11. Mwaka uliofuata Rais Harrison akatangaza maadhimisho ya Columbus, na Wataliano wa kule, waliokuwa wakidharauliwa sana, wakaishikilia siku hiyo ili nao waonekane ni watu wa nchi ile. Upande wa pili, wenyeji wanamkumbuka kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vile, aliowasafirisha Hispania kuuzwa utumwani. Ugomvi ungekuwa kati ya mwenye kidonda na asiye nacho, ungeisha zamani. Hapa wote wanavyo.

Kijana_wa_Unga_Ltd:
Mzee wangu, hapa unachokoza ukabila. Ukiwapa Wachaga 2 Machi, Wahehe watakuja na Mkwawa. Songea wana 27 Februari yao ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa 1906, wanaadhimisha vizuri tu na watu wanaenda kazini. Siku ya Mashujaa tunayo, 25 Julai. Sikukuu zimetosha, mimi nauza spea, duka likifungwa sili.

Mjukuu_wa_Engare:
Kijana, nani kakwambia 2 Machi ni ya Wachaga? Walionyongwa siku ile walikuwa 19. Alikuwemo Ngalami wa Siha, Molelia wa Kibosho, na viongozi wetu wa Meru na Arusha. Unga Ltd unapouzia spea zako iko Arusha, au imehama?

Na mzee, kama ni kudai, mimi ningemdai Kirilo Japhet. Mwaka 1951 Waingereza waliwafukuza Wameru takriban 3,000 Engare Nanyuki ili walowezi wapate ranchi. Bibi yangu alikuwa msichana. Alichokuwa akikisimulia zaidi si nyumba kuchomwa, ni ng'ombe waliokufa huko tambarare walikopelekwa. Watu walichanga fedha, 1952 Kirilo akafika Umoja wa Mataifa, New York, akazungumza mbele ya mabwana wale wale waliodai wanatulea. Huyu hakunyongwa, labda ndiyo sababu hatumlilii.

Dada_Karatu:
Mnasema "wenyeji wa asili" halafu mnataja mamangi na viongozi tu. Mhadzabe wa Yaeda Chini, anayeishi kwa kuwinda porini, mmemsahau kabisa. Tarehe 9 Agosti, kesho yake Nane Nane, ni siku ya wenyeji wa asili duniani, na aliyetangulia Afrika nzima kusimama Geneva kuwasemea watu hao mwaka 1989 ni Moringe ole Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro. Serikali inasema Watanzania wote ni wenyeji. Sawa, lakini anayepoteza pori si sote.

Mzee_wa_Horombo:
Dada, hilo la Wahadzabe linastahili uzi wake, ufungue, nitachangia. Mwalimu, asante, Oktoba ijayo mpishi atapata jibu.

Habari ya mapumziko nimeiacha. Sisi wa mlimani hatupumziki hata Krismasi. Na Mjukuu kanirekebisha: isiitwe siku ya Meli, iwe ya wale 19, na ianzie shuleni kabla ya kwenda bungeni. Sasa mwenye majina yote 19 ayaweke hapa. Mimi ninayo manne.