UZI: Kaligeuza behewa langu tumbo juu mbele ya watu. Sitaji jina, mnamjua

Behewa_la_Pamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka Bugolobi sasa hivi, hata viatu sijavua. Jina sitaji, na hakuna haja. Kila aliyewahi kukanyaga mkutano wetu wa treni ndogo za modeli anamjua: yule wa miwani mbili, moja usoni, moja kichwani, ambaye akiingia ukumbini hata feni inapunguza mwendo.

Kaligeuza behewa langu. Tumbo juu. Mbele ya wanachama, mbele ya watoto, mbele ya yule dada wa chai. Kaliangalia kidogo, kaniinulia uso, kauliza: "Mtoto wako ana umri gani?"

Mimi sina mtoto, jameni.

Behewa lenyewe ni la mizigo, la paa, bogi mbili (zile fremu za magurudumu), la kuteremsha pamba kutoka Soroti kuja Tororo, miaka ya 1950, enzi za EAR&H, shirika la reli la Afrika Mashariki. Vitu hivi hapa kwetu huvikuti dukani vimekaa kwenye rafu vinakungoja. Nililipata soko la Owino chini ya lundo la wanasesere, plastiki tupu ya Kizungu, skeli ya 1:87, yaani dogo mara 87 kuliko la kweli. Nikalivua lote. Zile ngazi zilizomwagwa pamoja na ubavu nikazikwangua kwa wembe, nikatia za waya mwembamba niliouchomoa kwenye mota ya feni iliyokufa. Magurudumu ya plastiki nikayatupa, nikaweka ya chuma. Kapla za kitoto, zile za kuunganishia mabehewa, nikang'oa, nikafunga za Kadee. Paa nikalipaka vumbi la Karamoja lenyewe, si vumbi la kununua.

Na chini! Chini ndiko nilikokesha usiku. Silinda ya breki, vijiti vya breki, wenzo wake, vyote mahali ambapo binadamu hataviona mpaka kiyama. Sasa katokea mmoja kaviona. Mmoja tu, ulimwengu mzima. Na alichotoka nacho kule chini ni "mtoto wako ana umri gani".

Na yeye je? Meza yake mnaijua. Ana injini ya mvuke ya klasi 59, Garratt, mashine ya 1955, tani 252, zile zilizopewa majina ya milima. Kazi yake kubwa ilikuwa Mombasa na Nairobi. Kwake inakwenda KASESE, magharibi kabisa mwa Uganda. Inavuta nini? Mabehewa yaliyoandikwa URC, Shirika la Reli la Uganda. URC, wakuu! Shirika lililozaliwa baada ya Jumuiya kuvunjika 1977, na kibao cha stesheni yake kimeandikwa 1956. Nyuma kuna kontena la futi 40, wakati vipimo vya kimataifa vya makontena vilianza kutoka 1968. Huyo ndiye wa kuniuliza mimi habari za watoto.

Halafu namna alivyoligeuza! Kidole na gumba. Kisha akapuliza. ALIPULIZA. Kijiti kimoja cha breki kikaruka, kikatua kwenye chai yake, na yeye akainua kikombe akanywa. Ninavyoandika hapa breki yangu imo tumboni mwake.

Mods, msiufunge uzi huu.

---

Fundi_Nalukolongo

Nimefika kwenye chai nikacheka kwa sauti, bosi kageuka. Pole sana ssebo. Lakini swali hujalijibu. Ana umri gani?

---

Dada_Malaba

Banange, huyo! Mimi nilipeleka tangi la mafuta, akalinusa. Hakuliangalia, alilinusa. Akasema, "Hii rangi ya mlango." Watu wakacheka. Mpaka leo mume wangu akipita mlangoni anainusa fremu halafu ananitazama.

---

Behewa_la_Pamba

Asante dada, angalau wewe umeelewa. Lakini lako hakuligeuza. Langu aliligeuza.

---

Mzee_wa_Signali

Vijana, punguzeni moto. Mtu mzima akiishika kazi yako kakuheshimu, asiyekuheshimu anapita. Nina swali dogo kwa mwanzisha uzi. Hiyo reli unayolitembezea behewa lako la pamba ina upana gani?

---

Behewa_la_Pamba

Milimita 16.5 kama ya kila mtu. Kwani?

---

Mzee_wa_Signali

Zidisha kwa 87.

---

Kikomando_Kavu

Nimezidisha mimi. Inakuja 1435. ELFU MOJA MIA NNE THELATHINI NA TANO! Wakuu hiyo ni SGR, reli pana ya kisasa! Reli yetu ya zamani ni mita moja, 1000 kamili, tangu Mombasa. Serikali imetia saini mkataba wa SGR ya Malaba–Kampala 2024, kumbe kuna mwananchi keshaifikisha Soroti tangu miaka ya 1950 na anabebea pamba. Huyu apewe wizara.

---

Fundi_Nalukolongo

Apewe wizara na huyo mtoto awe katibu mkuu.

---

Behewa_la_Pamba

Mnaona sasa? Ndiyo maana nchi hii haiendelei. Nimekuja na habari ya mtu kugeuziwa behewa, mnaniletea hesabu. Reli ni ya kikundi, nimeikuta pale mezani, mimi nimeleta behewa. Na hizo reli za milimita 12 mnazoziota, zile za Waswisi, behewa moja ni kodi ya nyumba na mwenye nyumba anabaki anadai. Aliligeuza tumbo juu. Hakusema hata "naomba".

---

Jinja_Darajani

Hasira pembeni kidogo, kuna wageni wanasoma. Anayetaka mita moja kwenye 1:87 agawanye 1000 kwa 87, anapata 11.5, kwa hiyo anatumia reli ya milimita 12, inaitwa HOm. Bemo wanatengeneza treni za Rhaetian za Uswisi kwa kipimo hicho, nazo kwao ni za mita moja kweli. Msinunue kwa kupenda rangi, rangi mtapaka wenyewe. Tazameni urefu wa bodi, umbo la paa, mlango wa kusukuma uko katikati au pembeni, na bogi zimekaa umbali gani kutoka mwisho wa behewa. Kisha wekeni picha ya zamani pembeni mhesabu mbavu. Mbavu zikigoma, liacheni dukani.

Asiye na hela ya Waswisi anaweza kuchukua bogi za TT, skeli ya 1:120, nazo zinakaa kwenye milimita 12, akazipachika chini ya bodi ya 1:87. Magurudumu yataonekana madogo. Mimi nimefanya hivyo na hakuna aliyegundua.

---

Mzee_wa_Signali

Niligundua.

---

Dada_Malaba

Mzee wa Signali, naomba kuuliza kwa heshima zote. Wewe una miwani ngapi?

---

Kikomando_Kavu

Weeeeee

---

Fundi_Nalukolongo

Kimya kimetanda. Tuachane na hilo. Mwanzisha uzi, uzito wa behewa umeweka nini ndani? Maana mimi nilikuwepo, na lilipokuwa linapita kwenye kona ya dirishani nilisikia kitu.

---

Behewa_la_Pamba

Nati. Nati za pikipiki, nimezibandika kwa supaglu. Zilikuwa zimeshika vizuri kabisa mpaka ALIPOLIGEUZA.

---

Fundi_Nalukolongo

Hapana ssebo. Mimi nalizungumzia kabla ya kugeuzwa. Lilikuwa linalia kama kayamba. Watoto walikuwa wameanza kucheza.

---

Jinja_Darajani

Wamarekani wa NMRA, chama chao cha modeli za reli, wana kanuni yao ya HO, yaani hii skeli yetu ya 1:87: wakia 1 ya kuanzia, halafu nusu wakia kwa kila inchi ya behewa. Behewa la inchi 6 linatoka wakia 4, kama gramu 113. Likipungua sana linapanda juu ya reli kwenye kona, likizidi sana injini inalia mlimani. Uzito ukae chini, karibu na sakafu. Ukijaza nati kwenye paa utaangusha treni nzima na utamlaumu mtu wa miwani.

---

Behewa_la_Pamba

Sikuweka kwenye paa! Nani kasema paa? Ni sakafuni. Lakini ukiligeuza tumbo juu, sakafu si inakuwa paa? Ndicho ninachowaambia tangu mwanzo!

---

Mchapishaji_Kaniua

Samahani kuingilia, ila ninyi mnalia kwa kupulizwa tu. Mimi najenga Kampala ya miaka ya 1980, mabehewa yangu ni halali kuandikwa URC, hakuna wa kuniambia kitu. Nikampelekea kijana mmoja Nasser Road anichapie herufi za kubandika, ndogo, za milimita mbili. Laha nzima karudisha UCR. Nikamwambia, kijana, hii si URC. Akaangalia, akaangalia tena, akasema, "Mzee, si herufi zote zipo?" Na pesa akachukua.

---

Kikomando_Kavu

Herufi zote zipo 😂😂 Huyo kijana alindwe na katiba.

---

Mchapishaji_Kaniua

Nikazikata moja moja kwa wembe nizipange upya. Nimebandika mabehewa yote. Yule mtu wenu wa miwani kapita, kasema R zangu zimelewa.

---

Dada_Malaba

Hii sasa ndiyo kesi. Ya behewa tumesikia.

---

Behewa_la_Pamba

Tumesikia??? Nyabo, aligeuza

---

Nahodha_Port_Bell

Hamjaona mateso ninyi. Nimetengeneza MV Kaawa ya kadibodi, ile feri ya kuvusha mabehewa kutoka Port Bell, reli zimetandikwa kwenye sitaha, mlango wa nyuma unafunguka, mabehewa yanaingia yenyewe nikisukuma na injini ya shanta, ile ndogo ya kupanga mabehewa. Nikaiweka juu ya kabati. Mtoto wa mwenye nyumba akaishusha akaielekeza kwenye pipa la maji ya mvua. Kadibodi, wakuu. Ndani ya maji. Na mabehewa yangu yote ya Kisumu yakiwa juu.

Nikaenda kwa baba yake. Akaniambia, "Kwani meli si ya majini?"

---

Fundi_Nalukolongo

Hapo mwenye nyumba ana hoja.

---

Kikomando_Kavu

Na kihistoria haiko mbali. Kaawa na Kabalega ziligongana ziwani 2005, Kabalega ikazama. Mtoto anajua mambo, ila kakosea meli.

---

Nahodha_Port_Bell

Nilimwambia hivyohivyo! Nikamwambia, kijana, iliyozama ni Kabalega, Kaawa ilirudi. Akalia. Sasa mwenye nyumba anasema nimemtisha mtoto na kodi inapanda.

---

Jinja_Darajani

Kadibodi ipake vanishi ya mbao, tabaka mbili, ndani na nje, kabla ya kutandika reli. Haitazuia pipa lakini inazuia unyevu wa mvua. Na mtoto ana umri gani?

---

Behewa_la_Pamba

Hilo swali lisiulizwe tena kwenye uzi wangu.

---

Mod_Reli

Wakuu, uzi umebaki wazi kwa sababu mwanzisha aliomba, ila tusitaje watu. Miwani ni utambulisho, nimefuta picha mbili. Pia kuna jambo la dharura: Jumamosi dada wa chai hakulipwa vikombe vingi, na kuna mtu aliagiza rolex, chapati ya kuviringishia mayai, ya mayai matatu kwa jina la kikundi.

---

Fundi_Nalukolongo

Mimi nilikula ya mayai mawili na nililipa. Nina shahidi.

---

Dada_Malaba

Mayai matatu ni mtu wa meza ya Kasese. Hakuna mwingine anayekula hivyo.

---

Mzee_wa_Signali

Mimi nilikunywa chai tu.

---

Kikomando_Kavu

Yenye kitu ndani au bila?

---

Mchapishaji_Kaniua

Wakati mnazungumza chakula, mwenye mashine ya kuchapa ya leza nyumbani aniandikie inboksi. Nina karatasi za kubandikia zimebaki na nasser siendi tena.

---

Nahodha_Port_Bell

Nami nina kadibodi iliyolowa, ikikauka inafaa kutengenezea paa za godauni. Bure. Ije ichukuliwe kabla ya tarehe moja, sijui kama nitakuwa bado naishi hapa.

---

Behewa_la_Pamba

Nahodha, hizo za godauni nizuilie mimi. Na mabehewa ya Kisumu yaliyozama, bogi zake ulizipata au ziko chini ya pipa bado?

---

Nahodha_Port_Bell

Nne nimezipata. Mbili mwenye nyumba anasema ni za kwake kwa kuwa pipa ni lake.

---

Mod_Reli

Rolex ni shilingi elfu nne. Nasubiri kwenye mobile money mpaka saa tatu usiku, baada ya hapo nataja jina.