Sabuni yangu ya unga inagandiana ndani ya nailoni inayoyeyuka, maji yanapitia wapi?

mama_povu: Wakuu habari za leo, naombeni ushauri jamani. Niko Tanga, nafunga sabuni ya unga kwenye vipaketi vya ile nailoni ya PVA inayoyeyuka yenyewe, mteja anatumbukiza kizima kizima kwenye beseni. Kiangazi safi kabisa, ukiigusa inalia kama ganda la pipi. Masika hii imelegea kama chapati ya jana na unga umekuwa bonge, nimemulika na tochi ya simu sioni hata katundu???

fundi_kemia: Pole dada. Mvuke hauhitaji tundu, unapita kwenye nailoni yenyewe. PVA imejaa vikundi vya OH (oksijeni na haidrojeni zilizoungana, kama zilivyo kwenye maji), ikiwa kavu minyororo yake inashikana kwa bondi za haidrojeni, kama watu walioshikana mikono kwa nguvu, hata oksijeni inapata tabu kupenya. Sasa maji nayo yana mikono hiyohiyo, hewa ikiwa na unyevu yanajipenyeza katikati yanawaachisha na kushika yenyewe, minyororo inaachana, nailoni inavimba inalainika na mvuke unaofuata unapita kiulaini. Hewa ikishakuwa mbichi sana ni mlango wazi.

wa_bara: weka punje za mchele kama kwenye kikopo cha chumvi 😂

fundi_kemia: Mchele nao wanga, OH kibao, ukishashiba ndo basi.

mama_povu: Kuna muuzaji ananishawishi nichukue ile laini zaidi, yenye gliserini nyingi, eti haipasuki

fundi_kemia: Usithubutu! Kila molekuli ya gliserini ina OH 3, inakaa katikati ya minyororo, ulaini unatoka hapo na mvuke unapitia hapohapo. Ile PVA ya asilimia 98 na zaidi (yaani sehemu ya vikundi vyake vilivyogeuzwa kuwa OH kiwandani) inashikana vizuri ila inataka maji ya moto sana, wateja wako wanafua na ya bomba, baki na ya 88. Cha kufanya weka vipaketi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, plastiki ile haina OH, maji hayana pa kushika.

binti_maabara: Kabla hujauza jaribu hivi, weka bakuli la maji ya chumvi iliyozidi mpaka haiyeyuki tena ndani ya ndoo iliyofungwa, hewa inakaa unyevu kama asilimia 75, ning'iniza kipaketi humo upime uzito kila asubuhi.

mama_povu: Ndoo za mafuta ya kupikia ninazo, kesho naziosha. Na mteja akiacha wazi bafuni je?

fundi_kemia: Hiyo imekwisha siku hiyohiyo. Andika kwenye mfuniko: SHIKA NA MKONO MKAVU, FUNGA.